Njiti za Chumba Kumi na Nne

2 Machi

Kwa Kimya,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Hii ni barua ya tatu naandika mimi, na wewe hata mstari mmoja hujarudisha. Mama akiniuliza, "Kimya hajambo?" namwambia hajambo, kumbe nabuni tu. Wewe unataka nibuni mpaka lini?

Nakuandikia kwa sababu nina wasiwasi na kazi yako, na wasiwasi wangu unajua umetoka wapi. Kule dukani trei la mayai lilidondoshwa na mwenzako, ukaulizwa wewe, ukaangalia viatu. Ukafukuzwa. Kwa fundi viti msumeno ulipotea, ukaulizwa wewe, ukaangalia viatu tena. Ukafukuzwa. Hii ya hotelini ni ya tatu na ndiyo ya kwanza kutimiza mwaka. Ukiipoteza hii hakuna pa kurudi. Nyumbani baba mdogo na wanawe wamejaa mpaka sebuleni, mama mwenyewe analala na makapu.

Mimi nimehama ofisi. Sasa nachapa kwa washauri wa hoteli. Usicheke, ni kazi ya watu wazima. Mwenye hoteli akiona wageni wanapungua na hajui sababu, anawaita hawa, wanamwambia sababu kwa karatasi nyingi. Wako watatu na Bosi. Mwezi mzima nimechapa wasifu wao wa kuwaonyesha wateja. Mmoja alianza na kumenya viazi akaishia mpishi mkuu wa hoteli tatu. Mwingine alikaa mapokezi miaka kumi na moja, anasema mgeni atakayelalamika anamjua kwa jinsi anavyoshika begi. Wa tatu ni mtu wa vyumba na usafi, na huyo ndiye atanizeesha. Amenirudishia ukurasa wake mara sita. Mara niandike "uzoefu mpana," mara "uzoefu wa muda mrefu," kana kwamba kuna mtu atakuja na futi kamba.

Sasa nisikilize. Mwezi huu fagia chini ya vitanda. Mpaka ukutani. Nyuma ya pazia pia. Juu ya kabati pia. Usiniulize kwa nini na usimwambie mtu kuwa nimesema.

Na ujibu.

Dada yako

*

9 Machi

Shikamoo dada,

Barua zako zote nimepata. Nataka kujibu ila kila nikikaa naona sina la kusema, halafu muda wa mapumziko unaisha naitwa.

Lakini hii ya kufagia imeniuma. Nani amekwambia sifagii? Kama ni yule dereva wa lori la soda anayekuja huko kwenu, huyo hajawahi kupanda ngazi za hapa. Mimi nina vyumba saba, kuanzia kumi mpaka kumi na sita, na vyote nasogeza kitanda kila siku. Wenzangu wananicheka. Wanasema mgeni halali chini ya kitanda, analala juu.

Mimi nimefundishwa na msimamizi wetu, tunamwita Mama Mashuka. Ni mfupi ila akiingia chumbani unajiona wewe ndiye mfupi. Anapitisha kidole juu ya mlango, halafu anakuonyesha kidole bila kusema. Ana sheria nyingi na moja ndiyo kubwa. Kitu cha mgeni ni cha mgeni. Kama hakiko ndani ya pipa la taka basi si taka, hata kiwe kipande cha uzi. Unakiinua, unafuta, unakirudisha kilipokuwa. Anasema kuna mwaka mhudumu alitupa kikaratasi kimekunjwakunjwa, kumbe mgeni alikuwa ameandika humo njia ya kwenda kwa mtoto wake ambaye hajamwona miaka. Aliondoka analia, na kikaratasi kilishachomwa.

Nikueleze kitu cha wiki hii. Chumba kumi na nne alikaa mgeni siku nne, mzee mnene kiasi, peke yake, ana mambo yake. Akiagiza chai anatazama saa mpaka ifike. Nilimwona kwenye korido anahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi. Na dada, anapenda njiti za kiberiti. Nimekuta mbili chini ya kitanda katikati, moja nyuma ya mguu wa kitanda, moja nyuma ya pazia, moja chini ya meza. Na juu ya kabati kifungo cheupe cha shati. Havuti sigara. Kiberiti chenyewe sijakiona. Nikajua hizi ameziweka mwenyewe, na kila mtu ana lake.

Basi nikachukua karatasi yangu ya chumba, ile tunayomkabidhi Mama Mashuka kila jioni, nikachora nyuma yake kitanda na meza na dirisha, na nukta kwa kila njiti. Ndipo nikaziokota, nikasogeza kitanda, nikafagia, nikapiga deki, nikasubiri pakauke, nikazirudisha moja moja. Ile ya nyuma ya mguu ilikuwa imeelekea mlangoni, nikaielekeza mlangoni. Kifungo nilikifuta vumbi. Siku tatu zote nimefanya hivyo na sikukosea hata moja.

Sisi watu wa kazi tulimpa jina Bwana Njiti. Siku ya kuondoka tulipishana kwenye korido akanitazama sana. Nadhani alitaka kunishukuru ila na yeye ana aibu kama mimi.

Msalimie mama. Mwambie nafagia.

Mdogo wako

*

12 Machi

Wewe mtoto,

Nimekwambia nini? Nimeandika kwa Kiswahili au nimeandika kwa alama za barabarani? Chini ya kitanda! Mpaka ukutani!

Sasa nakwambia wazi, maana hakuna tena cha kuficha, na ukimwonyesha mtu barua hii mimi sina kazi. Hawa washauri wangu, kabla ya kwenda mahali na suti zao, mmoja anatangulia kama mgeni wa kawaida. Analipa, analala, anakula, anaangalia. Humo chumbani anategesha vitu vidogo aone kama mhudumu anafagia kweli au anapaka manukato tu. Kesho yake vikiwepo, hukufagia. Ndiyo kazi yao. Na hoteli waliyoitwa mwezi huu ni ya kwenu.

Leo asubuhi yule wa tatu, wa vyumba na usafi, ameniletea ripoti niichape. Nakunukulia: "Chumba kumi na nne. Njiti tano na kifungo kimoja vilikutwa mahali palepale siku tatu mfululizo. Chumba hakikufagiliwa kabisa. Mhudumu aachishwe kazi. Msimamizi apewe onyo kali." Nimechapa neno "kabisa" kwa mkono wangu, kwa mdogo wangu wa tumbo moja. Siku tatu! Ungekosea siku moja ningesema uliumwa.

Nilikupigia magoti upate kazi hiyo. Nilimbembeleza mjomba wa meneja wako mpaka nikaona aibu.

Wanakuja tarehe kumi na nane kumsomea meneja, na mtaitwa. Safari hii usiangalie viatu. Sema chochote. Sema ulikuwa na homa, sema kitanda kilikuwa kizito, sema ulikuwa na vyumba saba peke yako. Fungua mdomo! Nimekuomba tangu ukiwa na miaka minne, ulipokaa siku nzima na kokoto puani kwa kuogopa kumwambia mtu.

Dada yako

*

14 Machi

Kimya,

Barua yako ya tarehe tisa imefika leo. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena.

UMEZIRUDISHA?

Umefagia, ukapiga deki, ukasubiri pakauke, halafu ukazirudisha? Na ukachora ramani? Na ile ukaielekeza mlangoni? Mungu wangu. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji, akadhani nimefiwa.

Sikiliza vizuri, maana mambo yamebadilika. Siwezi kwenda kwa Bosi nimwambie mhudumu wa kumi na nne alifagia. Atauliza, "Umejuaje?" Nitasema nini, nimeoteshwa? Ziara ya mgeni wa siri hatakiwi kuijua hata mke wa mshauri. Kwa hiyo yale niliyokuambia juzi yafute. Tarehe kumi na nane ukiitwa, nyamaza. Angalia viatu vyako kama kawaida yako. Usiseme njiti, usiseme ramani, usinitaje hata kwa dua. Hilo la kunyamaza wewe unaliweza kuliko binadamu yeyote ninayemjua.

Ripoti bado iko mezani kwangu. Yaliyobaki niachie mimi, na usiniulize.

Dada yako

*

19 Machi

Shikamoo dada,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili niliipata juzi jioni, sikulala vizuri. Sasa kaa chini nikueleze, maana nina habari nzuri.

Jana asubuhi walikuja washauri wawili kwa gari, na mmoja ni Bwana Njiti ndani ya suti. Binti wetu wa mapokezi alimtambua akashika mdomo. Tukaitwa ukumbi wa chakula, meneja amekaa na ripoti mbele yake, Bwana Njiti ana daftari lake dogo, sisi tumesimama ukutani. Mama Mashuka kakunja mikono. Walianza na jikoni, kwamba chai inachukua dakika kumi na nane. Mpishi akasema, "Maji hayachemki kwa kutazamwa, mzee." Tukacheka kidogo, meneja akakohoa.

Halafu Bwana Njiti akasema, "Tuje chumba kumi na nne. Hapa pana tatizo kubwa." Akanitazama. Mimi nikaangalia viatu.

Meneja akafunua karatasi. "Tatizo lipi? Mbona hapa mmesifu?"

"Hatujasifu."

"Mmeandika chumba kumi na nne kilifagiliwa kwa uangalifu usio wa kawaida, na mhudumu abaki awafundishe wenzake."

"Haiwezekani."

"Kwa hiyo mimi sijui kusoma?"

"Meneja, niliacha njiti tano, na zilikuwa palepale!"

"Njiti gani tena? Humu hakuna njiti! Mmenilia pesa yangu kunihesabia njiti?"

Wakaanza kuvutania ile karatasi, mmoja huku mwingine huku. Mama Mashuka akasema, "Jamani, mtaichana, halafu mseme ni sisi."

Dada, hapo nikaikumbuka barua yako iko mfukoni. Nikajiambia dada kasema fungua mdomo. Nikafungua. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka yule mpishi akaruka. Nikasema, "Nilizirudisha." Wote wakageuka. Nikasema nilizitoa nikafagia nikazirudisha, maana hazikuwa kwenye pipa, na siku zile sikujua kuwa ni mtihani. Bwana Njiti akasema, "Ulizirudisha?" kama mtu ambaye hasikii vizuri. Mama Mashuka akatoka, akarudi na faili la karatasi za vyumba, akatoa zangu tatu akazigeuza upande wa nyuma. Ramani tatu, na nukta zote.

Bwana Njiti aliziangalia moja moja. Akatoa daftari lake, na yeye alikuwa amechora. Zilifanana, ila yake ile ya nyuma ya mguu hakuandika imeelekea wapi.

Akaomba tupande chumbani. Alipiga magoti na suti yake akachungulia mpaka ukutani. Alipoinuka aliona kona ya shuka imelegea, akaichomeka kwa upande wa kiganja, haraka, bila kuitazama. Dada, nimeona. Ile si mikono ya mtu aliyesoma kwenye kitabu. Mikono yake inajua kitanda. Mama Mashuka naye aliona, akanikonyeza.

Akamwambia meneja, "Kosa ni langu. Kijana abaki. Msimamizi hana kosa." Mama Mashuka akasema, "Nilikuwa najua." Basi ndiyo hivyo, kazi ninayo!

Tukishuka ngazi akaniuliza polepole, vizuri tu, "Lakini kijana, ulisema siku zile hukujua. Ulijuaje leo kwamba ulikuwa mtihani? Hatukumwambia mtu." Na mimi mdomo ulishafunguka, sikuona shida. Nikamwambia dada yangu ameniandikia, anachapa hapo ofisini kwenu, hata hii ripoti ameichapa yeye. Akasema, "Aha." Akaandika kwenye daftari. Nadhani alifurahi kusikia, labda watakuongeza cheo.

Asante kwa kunisukuma. Kumbe kuongea si kugumu hivyo.

Mdogo wako

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha nikaletewa barua yako ya tarehe kumi na nne. Umesema ninyamaze. Umesema nisikutaje. Dada, hiyo ripoti uliibadilisha wewe? Nijibu haraka.

*

24 Machi

Kimya,

Ndiyo, niliibadilisha mimi. Nani mwingine? Malaika?

Miaka ishirini na mbili nakuambia fungua mdomo. Ishirini na mbili! Nimebembeleza, nimefinya, nimeahidi peremende. Siku zote hizo ukachagua hiyo moja. Na ulipofungua hukufungua kidogo kama watu. Ulimwaga mpaka undugu.

Niliitwa tarehe ishirini. Bosi kashika ripoti mbili, ya mkono na ya mashine.

"Nani kachapa hapa 'uangalifu usio wa kawaida'?"

"Mimi."

"Mshauri kaandika 'hakikufagiliwa kabisa.'"

"Nilikosea herufi."

"Herufi zote?"

Nilikuwa tayari kukana mpaka jioni. Ningesema karatasi zilichanganyika, ningesema ni macho. Akaniambia, "Na mhudumu ni mdogo wako." Nikaishiwa. Unajua mimi siishiwi.

Akasema hapa wanauza kitu kimoja tu, kwamba wakisema wameona, wameona. Mchapaji akianza kuona kwa niaba yao, hawana cha kuuza. Anasema kweli, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Nimepewa nusu saa nikusanye vitu. Vitu vyenyewe ni kikombe na sweta.

Bwana Njiti wako alikuwa amesimama dirishani anaangalia nje kama kuna mpira unachezwa. Mikono uliyoiona uliiona sawasawa. Alitandika vitanda miaka mitatu alipoanza. Katika wasifu wake mstari huo ulikuwa wa kwanza kabisa, na ndio uliorudi mara sita mpaka akaniambia niutoe, eti wateja hawaendi kushauriwa na mtandika vitanda. Na mtu huyo, aliyetandika miaka mitatu, hakukumbuka kwamba cha mgeni hakitupwi! Nilikuwa nalo hilo mdomoni, mbele ya Bosi. Sijui kwa nini sikulitoa. Labda siku hiyo ulinipokonya mdomo wangu.

Usiniandikie kwa muda. Mama nimemwambia niko likizo.

Dada yako

*

28 Machi

Kwa mhudumu wa vyumba kumi hadi kumi na sita,

Natumaini hujambo. Nakuandikia kwa idhini ya Bosi wangu. Katika miaka yangu yote ya kukagua hoteli sijawahi kukuta mtu aliyeirudisha njiti na kuielekeza ilipokuwa imeelekea. Ofisi yetu inahitaji mtu mwenye macho hayo. Kazi itakuwa kulala katika hoteli mbalimbali kama mgeni, kuweka alama chumbani, kuangalia na kutuambia ulichokiona. Mwandiko usikusumbue, kuna nafasi ya mchapaji na tunatafuta mtu wa kuijaza.

Tafadhali tuma wasifu wako: umefanya kazi wapi na wapi, kwa muda gani, na sababu za kuondoka.

Wako,
Mshauri wa Vyumba na Usafi

*

1 Aprili

Kwa mzee mshauri,

Shikamoo. Nimepata barua yako, nashukuru. Wasifu wangu ni huu. Dukani, miezi minne, nilifukuzwa kwa mayai ambayo sikuyavunja. Kwa fundi viti, miezi saba, nilifukuzwa kwa msumeno ambao sikuuchukua. Hotelini, mwaka na miezi miwili, bado nipo.

Kazi yako siiwezi. Nikimwekea mtu njiti chini ya kitanda nitashinda naye moyoni siku nzima, mwisho nitamwambia. Nitawaharibia.

Ila hiyo nafasi ya mchapaji, mimi ninamjua mtu. Unamjua na wewe. Najua alifanya kosa kubadilisha maneno. Lakini mzee, maneno aliyoyaweka yeye ndiyo yaliyokuwa kweli, na yale ya kwako hayakuwa. Ninaomba mumfikirie. Akirudi sitamwandikia mambo ya kazi tena, nitaandika hali ya hewa tu.

Samahani kama nimekosa adabu. Sijazoea kuandika kwa watu wakubwa.

Mimi mhudumu

*

12 Aprili

Shikamoo dada,

Ulisema nisiandike kwa muda, nimehesabu karibu wiki tatu, nadhani muda umepita.

Ofisi yenu waliniita kazi. Ndiyo, mimi. Nilikataa. Najua unasoma hapa unapiga meza. Niliwaomba wakurudishe wewe. Bwana Njiti amejibu mistari miwili, amesema maneno yako yalikuwa kweli lakini hukuwa umeyaona kwa macho yako, na kwamba anasikitika. Nimeisoma mara nyingi. Sijui kama anasikitika kweli au ndivyo wanavyofunga barua.

Basi nikaenda kwa meneja. Nilisimama mlangoni mpaka akasema, "Ama uingie ama utoke, upepo unapeperusha karatasi." Nikaingia. Nikamwambia kila kitu, ripoti ilibadilishwa na nani na kwa nini. Akaniangalia. "Na unataka nimwajiri mtu huyo?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ataniandikia mimi vyumba vimejaa wakati havijajaa?" Nikasema hapana, yeye alidanganya mara moja, na hata hiyo mara moja alipatia. Akacheka mpaka akavua miwani. Binti wa mapokezi anaolewa mwisho wa mwezi, anaondoka. Meneja akasema, "Aje tumwone. Siahidi. Anaweza kuongea na wageni?" Nikasema anaweza kuongea na kila mtu.

Mama Mashuka anasema ukija atakuangalia yeye kwanza.

Mdogo wako

*

17 Aprili

Kimya,

Umekataa kazi ya kulala hotelini na kula chakula cha watu. Mtu anakuita ukalale, wewe unasema hapana, nataka kufagia. Nilisoma hapo nikaiweka barua chini ya kikombe nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Mama akauliza, "Nini?" Nikasema, "Mwanao." Akasema, "Yupi?" Nikasema, "Una wangapi wa namna hii?"

Halafu unakwenda kumwambia meneja kila kitu. Kila kitu! Nani alikutuma umwambie kila kitu? Mtu anaombea ndugu yake kazi kwa kuanza na makosa yake? Sasa nitaingia hapo mlangoni meneja ananijua kwa udanganyifu kabla ya kunijua kwa sura. Na mpishi atajua. Na dereva wa soda atajua. Na huyo mama yako wa mashuka anataka kuniangalia kwanza, kama mimi ni mlango wa kupitishwa kidole.

Nimekaa nyumbani wiki nne. Nimepika, nimefua, nimewagombeza watoto wa baba mdogo mpaka wamenizoea. Nimepeleka barua za kuomba kazi ofisi tano. Zote wanauliza kwa nini niliondoka kwa washauri, na mimi, ambaye sikuwahi kukosa neno, nakaa naangalia sakafu ya watu.

Nimekata tiketi ya Ijumaa, basi la asubuhi. Nina sanduku moja na kile kikombe. Sijajua bado kama nakuja kukaa au nakuja kukuzaba makofi nigeuze na basi hilohilo. Nisubiri kituoni saa nane, tutajua hapohapo.

Dada yako